Jibu: Kumlaza kobe Muscat
Dada, umeuliza kama kobe wako wa Kigiriki anaweza kulala usingizi wa baridi (ule wa kulala msimu mzima wa baridi bila kula) ndani ya boksi chumbani, hapo Muscat. Tafadhali usijaribu. Joto likizidi nyuzi 10 hapati usingizi sawasawa, anamaliza mafuta ya mwili huku hali chakula. Kwenye nchi za joto hutumika friji ya peke yake, nyuzi 5, mlango unafunguliwa kila siku hewa iingie. Kabla ya hapo akae wiki 3 bila kula, ukimwogesha maji ya uvuguvugu, tumbo liishe chakula. Akishalala, mpime uzito kila wiki. Ukikuta amekojoa, mtoe siku hiyo hiyo, maana maji aliyojiwekea mwilini ndiyo hayo. Akiwa mwembamba au pua inatoa kamasi, mwache macho mwaka huu.