Wasomaji wanauliza: iPhone 11 iliyotumika, ninunue?

SWALI: Salaam wahariri. Kuna mtu ananiuzia iPhone 11 iliyotumika, ya GB 64. Anasema haijawahi kufunguliwa na fundi, na betri yake iko asilimia 100. Mimi ni mtu wa WhatsApp, picha na programu ya benki, magemu sichezi. Niichukue?

JIBU: Kwa matumizi hayo simu yenyewe bado inafaa, ndugu msomaji, lakini maneno mawili ya muuzaji wako hayapatani. iPhone 11 ilitoka Septemba 2019, na Apple iliacha kuiuza Septemba 2022. Betri yake imetengenezwa ibakiwe na kama asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya chaji. Ukikuta simu ya umri huo ina asilimia 100, karibu kila mara betri imebadilishwa, na betri haibadilishwi bila simu kufunguliwa. Kubadilishwa si kosa. Unachotakiwa kujua ni betri gani imewekwa, na nini kingine kiliguswa siku hiyo.

Ingia Settings, kisha General, kisha About. Kuanzia iOS 15.2 (iOS ni mfumo unaoendesha iPhone), betri au kioo kikiwa kimebadilishwa, hapo hutokea sehemu ya Parts and Service History. Maneno Genuine Apple Part yanatosha kukutuliza. Ukisoma Unknown Part kwenye betri, ile asilimia 100 usiitegemee hata kidogo, maana simu yenyewe haiwezi kuithibitisha.

Kwenye kioo ndiko watu wanakoumia zaidi. Fundi akibadilisha kioo cha iPhone 11 hulazimika kuhamisha spika ya sikioni, na spika hiyo iko kwenye fleksi moja, yaani utepe wa nyaya, na taa isiyoonekana ambayo Face ID, ile ya kufungua simu kwa uso, huitumia kumulika uso. Fleksi ni nyembamba mno. Ikichanika au ikiingia unyevu, Face ID inakufa, na kuchukua nyingine kwenye simu mbovu hakusaidii, kwa sababu taa hiyo imeoanishwa na bodi ya simu iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo usiridhike kuona simu inafunguka kwa namba ya siri. Mwombe muuzaji afute uso wake, nawe usajili uso wako mpaka hatua ya mwisho, ufunge, ufungue mara kadhaa. Kisha shika ikoni moja uiburute polepole ukipita kila sehemu ya kioo, kona zote. Ikidondoka yenyewe njiani, hapo mguso umekufa. Baadhi ya iPhone 11 zilizotengenezwa kati ya Novemba 2019 na Mei 2020 zilikuwa na tatizo hilo. Apple ilizirekebisha bure, lakini kwa miaka 2 tu tangu simu iuzwe mara ya kwanza. Leo gharama ni yako.

Chomoa trei ya laini umulike tochi ndani: alama nyekundu maana yake maji yalishaingia. Ikiwa mpya, simu hii huhimili mita 2 za maji kwa dakika 30, lakini gundi huchoka, na iliyokwisha kufunguliwa usiipeleke kwenye maji kabisa.

Sasa jambo lisilo na mjadala. Kabla hujatoa hela, muuzaji aifute simu mbele yako kwa Erase All Content and Settings, akiweka nywila yake mwenyewe. Iwashe upya, unganisha Wi-Fi, uendelee mpaka uone kama inadai akaunti ya mtu mwingine au inatoa maneno Remote Management, yaani simu inasimamiwa na kampuni au taasisi. Ikitokea mojawapo, mrudishie simu yake na uondoke, hata akikuapia kwamba atakutumia nywila jioni. Kwenye About angalia pia Carrier Lock, inayoonyesha kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja. Yanatakiwa maneno No SIM restrictions, la sivyo laini yako inaweza isishike.

Hizo GB 64 ndizo ningezikataa. Simu haina sehemu ya kadi ya kumbukumbu, mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa, na nafasi ikijaa hata sasisho hugoma kuingia. Tafuta ya GB 128. Jua pia kwamba iOS 26 ya Septemba 2025 iliziacha iPhone XR na XS, kwa hiyo 11 ndiyo iliyo karibu na mlango wa kuachwa sasa. Kwa mtu wa programu ya benki, inayohitaji mfumo unaosasishwa, hilo si dogo. Haina 5G. Ukiipata ya GB 128, Face ID nzima, vipuri vinavyotambulika, chukua. Hii ya kwako, kwa maelezo uliyopewa, iache.

SWALI: Nikihama kutoka Android, mazungumzo yangu ya WhatsApp yatakuja?

JIBU: Yatakuja, ila usikimbilie kuanza kutumia iPhone. Uhamisho hufanyika simu ikiwa mpya au imefutwa. Wengi huimalizia mipangilio kwanza, kisha hulazimika kuifuta tena. Kwenye Android weka programu ya Move to iOS, unganisha simu zote mbili kwenye chaji na Wi-Fi moja, na kwenye orodha ya vya kuhamisha uchague WhatsApp. Namba ya simu iwe ile ile. Data ya Android usiifute mpaka uyaone mazungumzo upande wa pili.

SWALI: Chaja yoyote inafaa?

JIBU: Iliyokuja na iPhone 11 za mwanzo ilikuwa ya wati 5, ndiyo maana watu hulalamika kwamba simu hujaa polepole. Tumia kichwa cha USB-C cha wati 18 au zaidi na waya wa USB-C kwenda Lightning, tundu la chaji la iPhone 11. Nusu ya betri hujaa kwa kama dakika 30. Waya wa kawaida wa USB-A hautakupa kasi hiyo, hata kichwa kiwe kikubwa namna gani.