Nyonga bandia, eksirei safi, na bado inauma

SWALI: Nina miaka 58. Miezi tisa iliyopita nilibadilishiwa nyonga ya kulia baada ya kusumbuliwa na kusagika kwa miaka mingi. Mwanzo niliendelea vizuri, mwezi wa tatu nikaacha magongo. Siku hizi nasikia maumivu upande wa nje wa nyonga, hasa nikiulalia, nikipanda ngazi au nikisimama sana jikoni. Nilipiga eksirei, nikaambiwa kiungo kipo sawa. Nameza diklofenaki karibu kila siku, nami nina presha. Je, chuma kimelegea? Nirudi kupasuliwa? Jirani ananishauri nikachuliwe. — Msomaji, Tanga

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana. Kwa maelezo yako, chuma sicho ninachokishuku kwanza.

Mgonjwa akiniambia nyonga inauma, humwomba aniwekee kidole pale panapouma, kwa sababu neno nyonga kwetu hubeba eneo lote kuanzia kiunoni hadi katikati ya paja. Maumivu ya kiungo chenyewe mara nyingi hukaa kinenani. Shina la chuma lililoingizwa ndani ya mfupa wa paja likilegea, linalouma zaidi ni paja, na lina tabia yake: ukiinuka kitini hatua za kwanza ni mateso, ukishatembea kidogo yanapungua. Yakianzia makalioni na kushuka chini ya goti pamoja na ganzi, tunaangalia mgongo, maana waliosagika nyonga wengi wamesagika na pingili pia. Ya kwako yapo upande wa nje wa nyonga, juu ya ile nundu ya mfupa unayoweza kuigusa. Hapo ndipo zinaposhika kano za misuli ya pembeni ya makalio.

Misuli hiyo ndiyo inayozuia kiuno kisidondoke upande mmoja kila unaponyanyua mguu. Wewe ulichechemea miaka mingi kabla ya upasuaji, kwa hiyo ilikuwa imeshadhoofu, na upasuaji wenyewe hupita karibu nayo, wakati mwingine katikati yake. Kiungo kipya hakirudishi nguvu hizo. Jipime: simama mbele ya kioo, mkono mezani, uzito wote mguu wa kulia. Kiuno cha kushoto kikishuka, au kiwiliwili kikilalia kulia, misuli bado haijaamka.

Tiba yake ni mazoezi ya kuongeza nguvu, nayo yanahitaji subira. Anza umelala chali, magoti yamekunjwa, unyanyue makalio taratibu na kushusha. Kisha simama umeshika meza, upeleke mguu pembeni bila kuinamisha mwili, halafu ufanye vivyo hivyo ukiwa umesimamia mguu wa kulia. Baadaye panda na kushuka kwenye ngazi moja fupi. Marudio 8 hadi 10, mizunguko 3, siku moja ndiyo, moja hapana. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakiwa bado yamepanda kesho yake asubuhi, punguza. Nipe wiki 12 kabla hujasema haisaidii. Wengi huacha wiki ya tatu, ambayo ni mapema mno kwa kano.

Wakati huo uipunguzie nyonga kazi. Lala ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Jikoni usiegemee mguu mmoja, na tafadhali achana na mbuzi ya nazi kwa sasa, kuna mashine sokoni: kukaa chini hivyo kunapeleka goti juu kuliko nyonga, na likiingia ndani pia, kiungo kinaweza kuchomoka. Ukitembea mbali tumia fimbo, uishike mkono wa kushoto. Karibu kila mtu huishika upande unaouma, nayo hapo haisaidii kitu cha maana. Najua ulishafurahi kuachana na magongo.

Diklofenaki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuliko nyonga. Hupandisha presha, huchubua tumbo, na ukiichanganya na baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza, figo huumia kimyakimya. Mwonyeshe daktari vidonge vyote unavyomeza, apime presha na figo. Parasetamoli kwa kawaida ni salama zaidi, ila isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na kama una uzito mdogo au ini lina shida, pungufu ya hapo.

Kuchuliwa? Mafuta na mkono laini juu ya kovu lililopona, sawa. Kuvutwa na kupindwa mguu, hapana kabisa. Maji ya moto pia uangalie, kwani ngozi kandokando ya kovu mara nyingi huwa na ganzi na unaweza kuungua usijue.

Sasa, eksirei safi haimalizi mambo. Thamani yake huonekana ikiwekwa pembeni ya ile ya kwanza baada ya upasuaji, kwa hiyo nenda nazo zote mbili. Maambukizi ya polepole yanaweza kukaa kwenye kiungo bandia na picha isionyeshe kitu. Maumivu ya usiku hata ukiwa umetulia, homa, kovu linalotoa majimaji, au nyonga ambayo haikuwahi kupoa tangu siku ya upasuaji: hayo hayasubiri wiki 12. Daktari wa mifupa atapima damu kuangalia dalili za maambukizi mwilini, na akishuku zaidi atavuta maji ya kwenye kiungo kwa sindano. Usianze antibayotiki za dukani kabla ya hapo. Zinaficha mdudu na kipimo kinatoka bure. Ukianguka, au mguu ukafupika ghafla na kushindwa kuukanyagia, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kupasuliwa tena, kufungua nyonga kabla ya kujua chanzo cha maumivu ni kamari ambayo sikushauri. Ukifanya mazoezi kikweli na bado hujapata nafuu, omba kipimo cha altrasaundi au MRI (picha ya mashine ya sumaku) kuangalia kama kano imechanika.