Golf ya dizeli: nifunge tabo sasa?

SWALI: Habari fundi, nipo Tabora mjini, nina Volkswagen Golf 2 dizeli 1600 haina tabo (turbo, ile inayoisukumia injini hewa zaidi), naitengeneza kidogokidogo huu mwaka wa sita, kutu za chini nimeshachomelea. Sasa asubuhi inasumbua kuwaka, inatoa moshi mweupe. Nataka niifunge tabo, inawezekana?

JIBU: Hongera sana kaka, kuivumilia gari hivyo ni mapenzi hasa. Ila tabo isubiri kwanza. Moshi mweupe asubuhi mara nyingi ni dizeli isiyoungua, anza na plagi za kupasha (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha), fungua kile kibati kinachoziunganisha zote nne halafu waya mmoja wa taa ya testa uuweke kwenye chanya ya betri, ncha nyingine iguse kichwa cha plagi, taa isipowaka hiyo imekufa. Zikiwa nzima zote pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), kisha taiming ya pampu, yaani wakati inaporusha dizeli. Mkanda wa taiming, ule unaozungusha valvu, kama hujui umefungwa lini badilisha tu, ukikatika valvu zinagongana na pistoni.

Kuhusu tabo, injini ya tabo ya kiwandani ilitoa hp (nguvu za farasi) 70 na yako ni 54, lakini ile ina vinozo vinavyorusha oili chini ya pistoni kuzipoza, yako haina, ukiifunga tabo pistoni zitapata joto sana. Mi ningetafuta injini kamili ya tabo.