Usitume hiyo pesa kabla hujapewa majina matatu

Mleta mada, simama hapo hapo, usitume hata shilingi. Umeandika kwamba "mwalimu wa Torati" uliyempata WhatsApp anataka 45,000 akufundishe miezi mitatu, kisha akupe cheti cha kuwa Myahudi. Unauliza uanze na Kiebrania au la, jikoni mtatenganishaje nyama na maziwa wakati mkeo hajakubali, na kama mila za ukoo wenu zinathibitisha kwamba ninyi ni kabila lililopotea. Nimesoma tumbo likanikata. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Nairobi mwaka 2014.

Nililipa 60,000, pesa ya mkopo wa chama.

Mwalimu wangu alianza na damu, yaani ukoo. Aliniuliza mila za kwetu: mnatahiri? Mwanamke akiwa hedhini anakaa kando? Mnachinja kondoo kwenye matambiko? Kila nikiitikia anafungua Mambo ya Walawi, anaweka kidole kwenye aya, anasema, "Umeona? Ninyi ni Lawi." Nilitoka pale natembea kama mtu aliyerithi shamba. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijamsamehe. Makabila mangapi ya Afrika yanatahiri? Waislamu wote wa pwani wametahiriwa, nao ni Lawi? Alijua mtu wa kwetu ana kiu ya kusikia kwamba yumo ndani ya Kitabu, akaniuzia maji kwa bei aliyotaka.

Nilipouliza kuhusu mahakama ya marabi, wale watatu wanaomhoji na kumpokea mwongofu, akanijibu kwa Ruthu: "Yule Mmoabi alisema sentensi moja tu, watu wako ni watu wangu, akawa ndani." Nikanyamaza. Sikurudi kusoma sura yenyewe. Kaisome leo, sura ya 1, uhesabu: aya ya 8, ya 11 na ya 12, Naomi anawaambia wakwe zake warudi kwao. Mara tatu. Marabi wa kale walitoa funzo hapo kwamba anayetaka kuingia arudishwe kwanza. Na Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, kwenye sehemu iitwayo Yevamoti, inasema mtu huyo aulizwe ameona nini hata akaja, hajui kwamba Israeli wanateswa na kuonewa? Wangu hakunirudisha hata mara moja. Alikuwa ananipigia simu kila Jumapili jioni kuuliza salio.

Alfajiri moja akanipeleka kwenye bwawa la kuogelea la hoteli nje ya mji, akanizamisha kwa jina la Yeshua, ndiye Yesu kwa Kiebrania. Sasa elewa: mikve, yaani josho la Kiyahudi anamozama mwongofu, inataka maji yaliyojikusanya yenyewe, ya mvua au chemchemi, mto na bahari vinafaa, bwawa la mfereji halifai. Tohara ya jandoni nayo, akasema inatosha. Haitoshi: aliyekwisha kutahiriwa hutolewa tone la damu kwa nia ya agano. Na hilo jina la Yeshua lenyewe linafunga mlango. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Israeli ilimkatalia Ndugu Daniel, mtawa Mkatoliki aliyezaliwa na mama Myahudi kabisa, asihesabiwe Myahudi kwa Sheria ya Kurejea, ile inayompa Myahudi haki ya kuhamia Israeli. Mwaka 1989 ikawakatalia Wayahudi wa Kimasihi, wanaomwamini Yesu, vilevile. Kama aliyezaliwa humo alikataliwa, mimi wa bwawa la hoteli nitasema nini?

Nilikuja kujua haya miaka mitatu baadaye. Nilivuka mpaka wa Malaba nikaenda Mbale, Uganda, kwa Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa huko, wa kilima cha Nabugoye, nimebeba cheti changu kwenye bahasha ya plastiki. Mzee mmoja alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama kimya. Kisha akaniambia polepole, "Ndugu yangu, haya maandishi yanakwenda kinyume." Kiebrania husomwa kutoka kulia, lakini neno shalom lilikuwa limepigwa kutoka kushoto. Ile herufi mem ya mwisho, yenye umbo la kisanduku kilichofungwa, ambayo haikai popote ila mwisho wa neno, ilikuwa imesimama mwanzoni. Aliponiuliza nani walikaa kwenye mahakama yangu, nilikuwa na sahihi moja na mhuri.

Hao wazee walinifundisha kwa historia yao tu. Semei Kakungulu, mwanzilishi wao, alijisomea Biblia, akajitahiri yeye na wanawe mwaka 1919. Watu wake wakashika Sabato, wakaishika kwa siri Idi Amin alipopiga marufuku dini yao. Na baada ya zaidi ya miaka 80 ya hayo yote, mwaka 2002, mamia yao walikaa mbele ya marabi wa Kikonsavativu, moja ya matawi ya Uyahudi, kutoka Marekani na Israeli, wakazama majini. Hawakusema mila zao zinatosha. Hata hivyo Wayahudi wa Kiothodoksi, tawi linaloshika sheria kwa ukali zaidi, hawautambui uongofu huo, na baadhi yao walihangaishwa sana na wizara ya mambo ya ndani ya Israeli.

Kwa hiyo muulize huyo mwalimu wako: marabi watatu watakaokaa ni akina nani, majina yao, wamepewa urabi wapi, na nani anaitambua mahakama yao? Rabi wa kweli hakasiriki ukimuuliza, atakueleza hata wasiomtambua.

Na achana na hizo habari za kabila lililopotea, huzihitaji. Katika karne ya 12 mwongofu mmoja, Obadia, alimwandikia Maimonide, rabi mkubwa wa zama hizo, akiuliza kama anaruhusiwa kusali "Mungu wetu na Mungu wa baba zetu" ilhali baba zake hawakuwa Israeli. Akajibiwa aseme yote bila kubadilisha, kwa sababu Abrahamu ni baba yake. Niliposoma hiyo nililia, kwa sababu nilikuwa nimenunua kwa 60,000 kitu ambacho mwongofu hupewa bure.

Muulize leo usiku kabla hujafungua M-Pesa. Akikupa majina matatu, yaweke hapa tuyatazame pamoja.