Kwa mnaoanza kazi kwenye mashirika ya dini yanayopokea wakimbizi Marekani

Ndugu zangu mliotoka kambi za Nyarugusu (Tanzania) na Kakuma (Kenya), CWS mnaijua kama watu wa intavyu. Jina kamili ni Church World Service, shirika la makanisa ya Marekani lililoanza mwaka 1946, na ofisi yake ya Nairobi ndiyo huandaa kesi za wakimbizi kabla hazijafika kwa maafisa wa serikali.

Nilipoanza, nilidhani kazi yetu inaishia uwanja wa ndege, nyumba ya kupanga na shule ya watoto. Kumbe mashirika hayahaya ndiyo yanayobishana na Ikulu.

Shikeni kalenda kwanza. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1980, kila mwaka rais hupanga idadi ya juu ya watakaoingia, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Oktoba 1. Agosti na Septemba basi ni miezi ya barua na simu kwa wabunge. Idadi hiyo hubishaniwa hata baadaye: Aprili 2021 Ikulu ilisema itabaki 15,000, Wakristo, Wayahudi na wengine wengi wakapaza sauti, na Mei ikapanda hadi 62,500.

Wekeni mafaili vizuri, maana mengine huishia mahakamani. Mwaka 2019 rais aliamuru mkimbizi asipelekwe mahali bila jimbo na serikali ya eneo kukubali kwa maandishi. HIAS, ambalo ni la Kiyahudi, CWS na shirika la Walutheri wakashtaki, na Januari 2020 hakimu wa Maryland akaizuia amri hiyo. Mpango wote wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025, HIAS na CWS walirudi mahakamani. Huko hakimu anataka kujua nani ameumia, lini, kwa namna gani, na majibu hayo yanatoka kwenye tarehe mnazoandika ninyi.

Fedha ya serikali msiitumie kuhubiri wala kushawishi wabunge. Hilo halina mjadala.

Linaloniuma hadi leo ni hili. Nilimpeleka mama mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, akaongee mbele ya wanasiasa, na nilimwomba tukiwa tayari garini. Angenikatalia vipi? Mimi ndiye niliyempokea uwanjani, mimi ndiye niliyemtafutia nyumba. Alisimulia yote yaliyompata Fizi, na binti yake aliyekaa pembeni alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Tukirudi aliniambia, "Mwanangu, ungeniuliza jana." Tangu siku hiyo naomba wiki nzima kabla, na anayeomba si yule anayeshika kesi ya familia hiyo, ili mtu aweze kusema hapana bila kuogopa kukosa msaada.

Mwaka uliofuata alitaka mwenyewe kwenda. Aliongelea watoto wake wawili waliobaki Nyarugusu na kesi yao iliyokwama. Habari za Fizi hakuzigusa, wala hakuna aliyemuuliza.