Dima janja ya ngazini: badilisha swichi zote mbili

Kama unataka kufunga dima janja (kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga, kinachoongozwa kwa swichi au simu) kwenye taa ya ngazi, nunua kwanza swichi za kubonyeza na kuachia, zile zinazofanya kazi kama ya kengele ya mlangoni, na uzinunue za chini na za juu kwa pamoja. Mimi nilibadilisha ya juu peke yake. Ya chini nikaiacha ile ya kawaida, nikisema nitaimalizia mwisho wa mwezi.

Usiku huohuo mama, aliyekuja kututembelea, aliwasha taa akiwa chini. Ikawaka, halafu mwanga ukaanza kushuka wenyewe, polepole, mpaka vidato vikawa havionekani. "Mwanangu, taa yenu inazimika!" Nikabonyeza swichi ya juu mara tano, wapi.

Kumbe swichi ya kawaida ukishaiwasha inabaki imewaka, na dima inadhani kidole bado kipo. Kwake, kubonyeza mara moja na kuachia ni kuwasha au kuzima. Kushikilia ni kupunguza au kuongeza mwanga. Swichi zote mbili zinapeleka umeme kwenye tundu moja la dima, kwa hiyo moja ikigandia, ya pili haifanyi kitu. Nilimshika mama mkono nikampandisha, na kesho yake asubuhi nilikuwa dukani.

Kwenye waya huhitaji kuchimba ukuta. Nyumba nyingi zenye swichi za njia mbili, yaani swichi mbili zinazoongoza taa moja, zina nyaya mbili zinazounganisha boksi la chini na la juu. Kwangu moto, yaani waya unaoleta umeme, unaingilia boksi la chini, na waya wa kwenda kwenye taa unatokea la juu, basi dima ikakaa juu. Waya mmoja kati ya ile miwili sasa unapandisha moto muda wote, kwa ajili ya dima na swichi ya juu. Wa pili unapeleka ishara ya swichi ya chini. Fundi alizifunga tepu za rangi tofauti kabla hajafungua skrubu hata moja, na hilo ndilo ningekuomba usiliruke. Meni swichi izimwe, na boksi lipimwe kwa mita. Testa ya bisibisi usiiamini peke yake.

Fungua boksi la swichi kabla ya kununua dima. Kwetu nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, haishuki kwenye swichi, inaishia darini, hivyo nilihitaji dima inayokubali kufanya kazi bila nyutro. Hizo zina kiwango cha chini cha wati: balbu moja ya wati 5 inaweza kucheza-cheza au kuwaka kidogo hata ukizima. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa darini sambamba na taa kutibu hilo. Na balbu yenyewe iwe imeandikwa kwenye pakiti yake kwamba inapunguzwa mwanga. LED nyingi za bei ya chini hazipunguzwi. Pima pia kina cha boksi la ukutani, maana la milimita 25 linabana sana na dima inatoa joto.

Mwisho, kwenye programu ya simu chagua aina ya swichi ya kubonyeza, si ya kawaida. Intaneti ikikatika, swichi za ukutani zinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Mama hana haja ya simu. Anashikilia kidole mpaka mwanga umtoshe, anaachia, anapanda kulala.