Gazojeni yako inatema gudroni? Usikimbilie nikeli kwanza

Hapa Lubumbashi ukitaja tu kwamba unatafuta metali ya kusaidia gazojeni (chombo kinachogeuza kuni ao makaa kuwa gazi ya kuwaka) ivunje gudroni, ile lami ya moshi, kila mtu anakuambia tia shaba, si tuko nayo tele. Nawaelewa, mji wenyewe umekalia shaba, ila kwa kazi hii shaba njo ya mwisho kufikiria. Inayeyuka kwenye 1085°C, na mbali kabla ya hapo, ukipita 400 na kitu, vichembe vyake vinaanza kushikamana vinakuwa vinono na ule uso wa kufanyia kazi unapotea. Gazi yenyewe inatoka motoni na 700 ao 800, sasa shaba itabakia na nini? Shaba ina kazi yake kule nyuma kabisa, gazi ikiisha kupoa mpaka 200 na kidogo, kama unataka CO (kaboni monoksidi) na mvuke vigeuke hidrojeni, na hata pale salfa kidogo tu inaiua.

Miye natengeneza gazojeni ndogo za kuzungusha moteri, za mbao, za magunzi, za makala (mkaa wa kuni), mara zingine tunachanganya na makaa ya mawe ya Luena. Vijana wakikuja kuniuliza nawaambia hivi: moto kwanza, jiwe la pili, metali ya mwisho. Wengi wanataka kuanza na metali juu ndiyo inaonekana ya kisomi, halafu wanamaliza feza.

Tuanze na moto basi. Gazojeni ambayo hewa inaingia chini na gazi inatokea juu inaweza kukupa gudroni karibu gramu 100 kwa kila mita ya ujazo. Ile ambayo gazi inashuka na kupita kwenye tabaka la makala yanayowaka inakupa kama gramu 1. Moteri inataka chini ya 0.1. Umeona? Kubadilisha njia ya gazi peke yake kumekata gudroni karibu mara mia, na haujanunua kichocheo (kitu cha kuharakisha kazi bila chenyewe kuisha) hata kimoja, unamwita tu sudere, mchomeleaji, akate bati upya. Yale makala ya moto nayo ni kichocheo cha bure, gudroni inavunjikia mule. Na kausha kuni zako zishuke chini ya 20% ya maji, juu hakuna kichocheo duniani inayotibu kuni mbichi.

Kwa makaa ya mawe mambo ni tofauti kidogo, yenyewe ni mavivu, ukiyatia mvuke yanataka joto kubwa sana ndiyo yakubali. Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, miaka ya 1970 walikuwa wanayachanganya na potasiamu kaboneti, yakakubali kwenye 700 hivi, tena walikuwa wanatafuta metani moja kwa moja. Shida ni kwamba udongo ulio ndani ya majivu ya makaa unaikamata potasiamu na haiachi, kila siku unatia nyingine. Sasa fikiria, kuni na magunzi tayari yana potasiamu ndani, njo maana kuchanganya na makaa ya mawe kunasaidia. Lakini sio kila takataka ya shamba. Maganda ya mchele yana silika nyingi, silika inakula ile potasiamu na majivu yanaganda kama chupa juu ya chekeche, unakaa unagonga na nondo mpaka jioni.

Jiwe ninalolipenda la kuvunja gudroni ni dolomiti, jiwe kama la chokaa lenye magnesiamu, na mtu yeyote aliyefanya kazi mu mine za Katanga anaijua. Unaichoma kwenye 800 mpaka 900 itoe kaboni dioksidi yake, na lazima ibakie na moto ule ule wakati gazi inapita, ikipoa inanyonya tena na inalala. Ubaya wake ni laini, inasagika inakuwa vumbi, kwa hiyo weka saikloni (chombo kinachozungusha gazi ili vumbi lianguke) nyuma yake. Kule Güssing, Austria, kwenye kiwanda cha gazi ya kuni, walikuwa wanatumia jiwe la olivini kama mchanga wa moto, ni ngumu zaidi na ina chuma ndani, chuma nacho kinasaidia kuvunja gudroni.

Chuma chenyewe ni rahisi, vyuma chakavu viko kila mahali, ila mvuke ukiwa mwingi kinarudia kutu na nguvu inashuka. Kobalti inafanya kazi vizuri, lakini kwa bei yake mimi siwezi kuitupa kwenye moshi wa mbao. Nikeli iliyopakwa juu ya alumina (oksidi ya alumini) ndiyo bingwa, kwenye 800 hivi inavunja gudroni na hata metani, unabaki na CO na hidrojeni safi. Ila ina maadui watatu: salfa (wanaochoma makaa ya mawe wanaijua hiyo!), masizi yanayoifunika, na joto likizidi linaishikanisha. Usiimwage ndani ya gazojeni yenyewe pamoja na majivu yote. Ipe chombo chake, nyuma ya dolomiti na saikloni, ipokee gudroni iliyobakia tu, na tia mvuke kidogo upunguze masizi.

Na hapa usinichukulie muchezo. Nikeli ikipoa chini ya 200 na CO ingali inapita, inaweza kutengeneza nikeli kaboneli, gazi yenye sumu kali kupita hata CO yenyewe. Wakati wa kuzima, kata gazi na upitishe nitrojeni wakati chombo kingali na moto, sio baada. Unga wa nikeli usiushike na mikono wala usiupulize, unaweza kuleta kansa. CO yenyewe haina harufu, kwa hiyo gazojeni ikae nje chini ya bati bila kuta, na kipimo cha CO ukinunue mbele ya kununua nikeli, ukivae kifuani, sio kukitundika ukutani mu atelie.